Kikulacho

Gliwice, Januari. Theluji imeziba ngazi za nyuma.
Tanuri limefika nyuzi elfu moja na mia nne
na ndani ya bomba la kauri mna hewa ukaa, basi,
haina rangi, haina harufu,
ungeapa bomba ni tupu.

Jicho la chombo tumelimwagia naitrojeni kimiminika.
Atakaye kuona joto sharti kwanza agande,
la sivyo ataona mwili wake mwenyewe.
Ireneusz alinifunza hilo mwaka wangu wa kwanza,
na hili pia: dirisha ni la chumvi, Halszka,
usilipulizie, litalia.

Kisha grafu. Kwenye maikroni nne na nukta tatu
nilitarajia mlima. Nikapata pembe mbili
na bonde katikati,
kama mtu aliyekata kilele kwa kisu, akaondoka nacho.
Nikafuta vioo. Nikakagua nyaya. Nikamlaumu fundi wa umeme.
Ireneusz akaweka chini chai yake ya limau,
akainama kwenye ule upenyo wa shubiri mbili
baina ya tanuri na chombo,
akapumua. Haaa.
Bonde likazama.

Ni hewa ileile.
Ya ndani inawaka, ya chumbani imepoa,
na iliyopoa huimeza nuru ya inayowaka
mstari kwa mstari, haikosei,
maana ni nduguye. Kikulacho ki nguoni mwako.
Zile pembe mbili zimepona kwa sababu moja tu:
ni nuru ya joto kali mno,
baridi haijawahi kuijua.

Tuliomba fedha za kuifunga ile njia. Miaka mitatu.
Tukawa tunaandika daftarini, kila kipimo:
watu wawili, madirisha yamefungwa.
Watu sita, wageni wa kiwanda cha vioo, mmoja ana mafua.
Watu wawili.
Watu wawili.

Novemba, mapafu. Walisema vumbi la makaa
la ujana wake, kabla hajasoma.

Usiku huu nyuzi zilezile, kanieneo lilelile, bomba lilelile,
na bonde limepungua kina,
si sana, unene wa ukucha kwenye karatasi.
Nimepima mara nne.

Sanduku la kusafishia njia lilifika juzi kwa lori.
Likifungwa, pumzi ya mtu haitaingia tena kwenye hesabu.
Bado sijakata kamba zake.
Nalizunguka tu, naliwekea vikombe.