Zoezi la Tatu

Mwalimu Vardges hana maneno mengi.
Anakohoa, anafuta miwani kwa ncha ya tai,
kisha anaandika ubaoni:
"Watu wawili wanagombana. Ugomvi usitajwe."

Tuko saba, juu ya duka la viatu, Gyumri.
Theluji imefika kingo za madirisha
na jiko la kuni linatupasha upande mmoja tu.

Mimi hukata tiketi stesheni.
Niliandika: "Mume alikasirika sana."
Akakata "sana."
Nikangoja. Akakata "alikasirika."
Akabaki mume, peke yake karatasini,
kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Nikarudi nyumbani nimevimba kama unga wenye hamira.
Nikazifungua hadithi za wengine kwa bisibisi,
nikahesabu meno ya kila gurudumu;
kuzifunga tena, vyuma viwili vikanibaki mkononi
na saa haisemi.

Rasimu ya pili, wakapiga kelele.
Ya tatu, mke akalia.
("Machozi rahisi," alisema Vardges. "Hata kitunguu huyatoa.")
Ya nne nilimpa mume bastola.
Ya nne tuiache.

Halafu Jumanne, treni ya alfajiri kwenda Yerevan,
akaja mwanamume, koti limekosa kifungo,
na mwanamke nyuma yake kakumbatia mtungi wa achari.
"Mbili," alisema mwanamume.
Nikazipitisha chini ya kioo.
Mwanamke akanyoosha mkono,
moja akanirudishia kwa kidole,
polepole, kama anayesogeza kete.
Kisha akamkabidhi mume mtungi.
"Kifuniko kimelegea," alimwambia. "Usiulaze."

Basi.

Niliandika nyuma ya ratiba, wino ukigandamana kwa baridi,
foleni ikinung'unika,
Bi Haykanush akigonga kioo kwa sarafu.
Neno "huzuni" lilinijia mara tatu,
likasimama mlangoni kama mdai.
Sikulifungulia.

Alhamisi Vardges alisoma, kalamu nyekundu hewani.
Akakohoa. Akasoma tena.
Akakata "polepole."
Humu nimelirudisha, kwa ukaidi.

Tiketi ile ninayo bado, droo ya chini,
behewa la sita, kiti cha dirishani.
Hesabu zangu za mwezi zimepungua nauli moja
na mkaguzi anataka maelezo kwa maandishi:
ukurasa mmoja, asema,
na nisimletee hadithi.