Mstari wa Barafu

Kazi yangu ni msasa. Kila ubao wa Tellervo
hupita kwanza mikononi mwangu:
gundi, chaki, msasa; gundi, chaki, msasa,
mara kumi na moja, hadi kidole kisahau
kwamba hapa palikuwa na mti.

Yeye yuko chini ya kanisa, chumba cha nyaraka,
glavu nyeupe, penseli tu, wino marufuku,
anasoma daftari za makarani wa parokia
walioandika, mwaka hata mwaka,
siku ziwa lilipovunja barafu yake.
Tarehe. Saa. Jina la aliyeona.
Mara moja moja, neno la ziada:
*Aprili 29. Ng'ombe wa Pekkarinen amezama.*

Miezi minane husoma. Siku nne huchora.
Mwaka mmoja, ubao mmoja, kijivu kimoja,
na mstari mwembamba uliolala:
juu, kama barafu iliwahi kuondoka,
chini, kama ilichelewa.
Basi.

Bwana mmoja wa benki alikodoa macho, akasema
hata mjukuu wake angeweza.
"Mlete," Tellervo akajibu. "Kazi ni nyingi."

Nami nilicheka kimoyomoyo, mwanzoni.
Sikulipwa kuelewa.
Mpaka tulipozitundika zote, mia na sitini na tatu,
nikarudi nyuma kufuata ngazi
nikaiona mistari inapanda,
taratibu, kama maji ndani ya chumba
kilichofungwa kwa nje.

Ubao mmoja hauna kitu. 1918.
Nilidhani amepitiwa.
"Karani alipigwa risasi mwezi Machi," akaniambia.
"Ziwa likapasuka bila shahidi."
Pale aliacha msasa wangu peke yake.
Ndio ninaoutazama zaidi, Mungu anisamehe.

Jana ameomba ubao wa mwaka huu.
Ni Februari, na ziwa halijaganda.
Bata wanaogelea. Watoto wa Niskanen wamekaa gatini,
viatu vya kuteleza vimening'inia shingoni,
wanatupa mawe, wanasikiliza *chubwi*.

Tellervo amesimama, brashi kavu mkononi.
Mstari uende wapi?
Juu ya ubao kuna ukuta.
Juu ya ukuta, dari.

Hasemi. Ananitazama tu.
Nachukua ngazi, nakunja kipande kipya cha msasa,
naanza kulainisha ukuta.