Bei ya Mwezi

Ramadhani ishirini na tisa, saa tisa za mchana,
soko la Wete, meza ya Faki:
fungu la mabungo matano, elfu moja.
Nikayashika, nikayanusa, nikayarudisha.
Mkobani zilibaki elfu kumi na mbili
baada ya mchele, nyama, na viatu vya Mize
(kavikataa, vinambana),
na wageni ni kumi na sita,
kumi na saba akija Khatib wa Maskat.

"Chukua sasa, mwalimu," Faki kanambia.
"Mwezi ukiandama, bei hii huioni tena."
"Na usipoandama?"
Akacheka. "Usipoandama, kesho n'takupa kwa mia nane."

Basi nikasimama pale na saumu yangu, midomo mikavu,
naitazama mbingu kama anayehesabu chenji.
Umeme wa mtaani kwetu si wa kuuamini.
Bungo likikamuliwa leo, likalala na joto,
kesho kutwa limechachuka, lina povu,
na Shaame mume wangu, mbele za watu, ataniuliza:
we mke, umetupikia pombe?

Nikapita dukani kwa Bi Mchanga kupoza mawazo.
Juisi za boksi, za embe, zimepunguzwa bei.
Nikaligeuza boksi, nikasoma chini:
muda wake unakwisha skuku mosi yenyewe.
Na zile chupa za zabibu zenye shingo ya dhahabu,
elfu kumi na nane moja.
Hizo nilizitazama tu,
kama mtu anavyotazama harusi asiyoalikwa.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu.
Wingu lilikuwa zito upande wa magharibi.
Nilijiambia: hauonekani.
Mungu anisamehe, niliuombea mwezi usionekane
kwa ajili ya mia mbili ya Faki.

Uji wa futari ulikuwa bado mdomoni
watoto wa nyumba ya nyuma wakaanza kupiga madebe.
Umeandama.

Nikajitupia buibui, nikatoka mbio.
Sokoni taa zimewaka, watu hawana pa kukanyaga,
fungu elfu tatu, na Faki haniangalii usoni.
Mama mmoja wa Jadida, mwenye gari,
kachukua mafungu manne bila hata kuuliza.

Chini ya meza kulikuwa na tenga.
"Na hayo?"
"Hayo yamepondeka, mwalimu. Ya kutupa."
Nikachutama.
Yamepasuka, yana makovu, yananata,
harufu yake ikanifika mpaka kwenye meno.
"Faki," nikamwambia, "bungo haliolewi. Linakamuliwa."
Tenga zima, elfu nne,
na iliki nikaiomba ya bure. Kanipa, kanuna.

Nilikesha na kitambaa cha kuchujia,
kokwa zikiteleza kama samaki wadogo,
vidole manjano mpaka kwenye kucha.

Skuku mosi Khatib akaingia
na chupa ya shingo ya dhahabu.
Ilipolia po! watoto wote wakalikimbia jagi langu.
Nisiseme uongo: waliinywa mpaka tone la mwisho,
wakagombania na kizibo.
Jagi likabaki la watu wazima,
na wifi yangu Asya,
asiyenisifu kwa lolote tangu niolewe,
akajimiminia mara tatu, kimya,
uso kaugeuzia dirishani.

Chupa nikaiosha.
Skuku pili nikaijaza bungo lililobaki,
nikampokonya Mize kizibo,
nikamchukulia Bi Mchanga, mkono wa skuku.
Akaonja. Akafumba macho.
"Mh! Vitu vya Maskat vyengine.
Hii si kama hizi nnazouza mie."
Akaizungusha chupa, akitafuta maandishi madogo.
"Bei gani huko?"

Nikamwambia inategemea mwezi.