Chumba cha Wavu

Andengenye alistaafu ubwana shamba mwezi wa tatu.
Mwezi wa nne akaja na tela.
Kaipata mnadani Mbeya, mali ya wamisheni waliorudi kwao:
sanduku la bati, matairi mawili,
ukilivuta pembe linainuka, linatanuka,
linakuwa nyumba yenye vitanda viwili na harufu ya panya.

Nikamwambia, Nyumba tunayo. Tofali za kuchoma, bati la rangi,
deni lake tumelimaliza juzi.
Akasema, Hiyo haitembei.

Turubai la kivuli lilikuwa zima.
Ila chumba cha wavu, kile kinachoning'inizwa chini yake
ili mtu akae nje asiliwe,
kilitoka kwenye tela nyingine, ya kampuni nyingine.
Zipu yake ina meno makubwa, ya turubai meno madogo:
ndoa iliyofungwa bila mshenga.
Na mvua ya Tukuyu haina aibu.
Wiki tatu alihangaika uani na kamba za katani,
vibanio vya nguo, na matusi ya Kinyakyusa
aliyodhani majirani hawayasikii.

Wiki ya nne nikatoa cherehani barazani.
Nikafumua zipu zote mbili.
Nikashona utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto, mita sita,
na pindo la kaki kutoka suruali zake za kazini.
Goti moja bado lilikuwa na doa la utomvu wa migomba.
Nililiweka mlangoni, aone.
Pembe ya kushoto ilikataa kukaa,
ikabaki inacheka upana wa kidole.
Nikaiacha icheke.

Matema tulifika saa tisa,
milima ya Livingstone mgongoni, ziwa usoni,
mchanga unachoma hadi kwenye kandambili.
Vigingi havikushika. Tukajaza mchanga magunia ya mpunga,
tukafunga kamba humo.
Utepe ukashikana, krrr, kuanzia kona hadi kona,
nami nikaketi ndani ya kazi yangu.

Upepo unaingia. Inzi anabaki nje, anasugua mikono.
Ziwa lote limekatwa miraba midogo midogo
kama daftari la hesabu.
Andengenye akamimina chai, akanywa
kama mtu mwenye nyumba mbili.

Ndipo moshi ukasimama juu ya maji.
Haukuwa wa kitu kinachoungua. Mnara wa kahawia,
unazunguka, unainama, unatafuta pwani.
Kungu, nikasema.
Yeye mtu wa juu huko, wa baridi, akasema,
Ukungu? Na jua lote hili?
Huu una mbawa, nikamjibu.

Wakafika na sauti ya khanga nyingi zinazochanika mbali.
Wakaganda kwenye wavu, wavu ukawa ukuta,
ndani ikawa jioni.
Hakuingia hata mmoja.
Sawa, wachache. Pembe ya kushoto.
Umeona? akanishika bega. Umeona kazi yako?
Alifurahi kama siku aliyopewa pikipiki ya serikali.

Lakini mimi nilikuwa nasikiliza watoto.
Walikimbia na vikapu, na masufuria yaliyopakwa mafuta,
wanayazungusha juu ya vichwa,
na mwanamke anawahimiza kwa ile sauti ya watu wa Ipinda,
inayopanda mwishoni kama inauliza.
Mama yangu aliita hivyo.
Na ulimini, baada ya miaka arobaini,
kikaja kipande cheusi cha kungu waliopondwa,
wakaanikwa, wakachomwa,
ladha iliyo kati ya dagaa na majivu.
Sikuwahi kumwambia Andengenye kwamba tulikula wadudu.
Kwao walikuwa na ng'ombe.

Nikamwaga chai.
Nikaipaka sufuria mafuta ya alizeti.
Unakwenda wapi? akauliza.
Nikabandua mshono wangu mwenyewe kwa mkono mmoja,
nikatoka kifudifudi, macho nimefumba.
Funga nyuma yangu, nikamwambia.

Hakufunga.
Nilipogeuka chumba kilikuwa kimejaa kahawia tupu,
naye yumo katikati, amevua kofia,
anaipunga hewani,
mdomo kaubana kabisa,
anajaribu.