Kwa Shilingi Zetu

Asubuhi Zeyana akaniambia: leo hatupiki,
leo kazi watafanya miguu na meno.
Nikavaa viatu vya mkwewe. Vyangu vina tabia
ya kufungua mdomo mbele za watu.

Tulianzia Ruwi, kibanda cha chai ya maziwa.
Hapo mtu hashuki garini, anapiga honi tu,
kijana anakuja mbio na sinia:
chapati iliyokunjwa, ndani jibini na chipsi za pakiti
zikilia kachu kachu kama changarawe.
Baisa mia tatu.
Nikafumba macho, nikazidisha.
Elfu mbili! Kwetu hiyo ni chai ya watu wanne
na andazi la kumpelekea jirani.
"Mize," akasema, "ukizidisha kila kitu utakufa njaa."
Nikala. Lakini nilikuwa nishazidisha.

Jua lilipopanda tukakimbilia duka la baridi,
lile lenye ngazi zinazopanda zenyewe.
Nikasita pale chini kama mbuzi mbele ya maji,
watoto wakanipita, mzungu akanipita,
hata Zeyana akafika juu akashuka kunichukua.
Tukanusa manukato kumi na moja bila kununua hata moja.
Mkono wa kulia ukanuka bibi harusi,
wa kushoto, hospitali.

Mchana, wali na nguru wa kukaanga,
kwenye chumba kidogo chenye pazia.
Tulivua viatu, tukakaa chini, tukala kwa mkono.
Zeyana akajinyoosha palepale kwenye mto
akakoroma, mkahawani, wallahi,
na aliyeleta maji akapita kwa ncha za vidole.

Alasiri ikatukuta Mutrah.
Milima ya kule haina hata jani la kumpa mbuzi,
imesimama nyuma ya nyumba kama watu waliokuja kudai.
Paka wanene wamelala juu ya mabenchi
na wewe ndiye unayesimama.
Tukaingia sokoni, moshi wa ubani ukituvuta kwa ushungi.
Zeyana hanunui, anacheza na bei
kama anacheza bao na shemeji yake:
nane, tatu, anaondoka, anaitwa, anarudi, anaondoka.

Mie macho yangu yalikuwa kwenye kofia.
Kioo kizima, safu kwa safu, za mashine na za mkono,
na moja, ya pili kutoka juu,
ikanitazama kama mwana aliyenitoroka.
Chini ya ua la kushoto, vitundu vitatu vimepinda.
Ni usiku ule wa Shaabani umeme ulipokatika Wete,
nikamalizia kwa kupapasa.

"Bei gani, mwanangu?"
"Thelathini na tano, mama." Kiswahili cha bibi yake.
Nilizidisha mpaka vidole vikaniishia.
Bwana Shaame huichukua kwangu kwa elfu arobaini,
nusu taslimu, nusu inshallah.
"Hii kazi ya mkono," akasema Mundhir, ndilo jina lake,
"na mikono hiyo siku hizi haionekani."
Nikaingiza mikono yangu ndani ya buibui.
Zeyana akafungua kinywa. Nikamfinya.
"Na hivi vitundu vilivyopinda?"
Hakupepesa hata jicho:
"Hiyo ndiyo alama yake, mama.
Wanaojua kofia huitafuta hiyo."

Tukacheka mpaka kwa muuza halua,
tukakaa, tukapewa kahawa chungu kwenye vikombe vya kidoleni.
Halua ilikuwa ya moto, ya zafarani,
inavutika kama maneno ya mshenga.
"Sasa Shaame utamwambiaje?" akauliza Zeyana.
"Nipishe nile kwanza."

Nilinunua kitu kimoja tu siku ile,
gurudumu la uzi mweupe.
Bei siikumbuki.
Kofia ijayo nitapinda vitundu vinne.