Dirisha Wazi, Januari

Grigore anaugulia Torino, Anatol hapa Soroca.
Tumbo moja, kitanda kimoja hadi walipobaleghe,
na sasa kifua kimoja: kile sugu,
kinachozicheka dawa kama mlevi anavyomcheka padri.

Wa Torino ana chumba cha peke yake.
Hewa, anasema, hupita upande mmoja tu, kama barabara za kwao.
Vidonge, miezi sita. Muuguzi huja, hungoja ameze,
kisha humwuliza habari za paka wetu.

Wa hapa yuko na sita wenziwe.
Hewa yao ni dirisha. Tumelikingia kijiti lisijifunge,
theluji iingie, vijidudu vitoke.
Sindano kila siku tangu majani yapukutike.
Dawa mpya imo njiani, ananiambia daktari Zinaida,
akiifuta miwani ambayo haina vumbi.

Jumapili nikawakutanisha kwa simu.
Grigore akauliza, "Kaka, unalala?"
Anatol akatabasamu, akanigeukia:
"Mama, anasemaje?"

Simu ilikuwa inapiga kelele chumba kizima.

Sindano ilikuwa imejilipa.

Nikachana mfuko wa sukari, nikaandika kwa herufi kubwa
ANAULIZA KAMA UNALALA.
Akasoma polepole, akaniomba kalamu,
akaandika chini yake, mistari ikipanda na kushuka,
akamwinulia nduguye mbele ya kioo:

Ninalala vizuri.
Siwasikii tena wanaokohoa.