Kisima Kipi

Mwaka ule kipindupindu kilipopanda hadi El Alto
hatukumuuliza mgonjwa kwa nini alikunywa maji,
wala alivaa nini alipokwenda kuyateka.
Tuliuliza: kisima kipi?

Hayo ni maneno ya muuguzi Saturnina Tarqui,
aliyebandika ramani ya mtaa ukutani kwa gundi ya unga
akaniagiza mimi, karani wa takwimu,
nimnunulie pini za kichwa chekundu, maboksi mawili.
"Mawili?"
"Tuanze na mawili," akasema, akainamia chai yake ya koka.

Hakutaka majina. Jina libaki kwa mwenyewe,
limefunikwa kama mtoto mgongoni.
Alitaka saa. Alitaka kona. Taa iliwaka au ilikufa?
Basi la mwisho lilimshusha wapi?
Mlango wa choo cha soko una komeo?

Pini zikaanza kusema kabla ya watu.
Saba nyuma ya soko.
Nne kwenye ngazi zinazoshuka kutoka kituo cha magari ya waya,
pale upepo wa mlimani unapozima hata kiberiti mfukoni.
Tukaenda manispaa, ramani kwapani.
Tukangoja. Tukarudi. Tukangoja.
Mwezi wa sita, baridi ikigandisha mabomba,
fundi alikuja na balbu tatu.
Komeo tulilinunua wenyewe, boliviano kumi na nane,
na Eulogia muuza viazi vikavu
akalipigilia misumari huku akitukana kwa Kiaymara
matusi ambayo sikuyatafsiri kwenye ripoti.

Nilidhani tumeshinda. Nilichora grafu, mstari ukishuka,
nikaupaka kijani.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, kofia mkononi,
akaitazama ramani kama mtu anayetafuta nyumba yake,
na kweli alikuwa anaitafuta.
"Hapa," akasema. "Penye bati jipya.
Taa ipo. Komeo lipo.
Komeo ndilo lililonifungia ndani."

Saturnina hakukimbilia pole.
Alimpa kiti. Akampa maji. Akafunga dirisha.
Alipokwisha kusikiliza, alimpa pini,
naye akaichoma mwenyewe, kwa kidole gumba, polepole,
na ukuta ukatoa sauti.

Tangu siku ile hatukuhesabu taa peke yake.
Tulipanda kutafuta chemchemi,
mahali maji yanapoanza kuchafuka yakiwa bado utani:
uwanja wa vumbi wa wavulana wa miaka kumi na mitatu,
ambako kocha Wilmer Apaza
alimwita kila mchezaji mzembe "msichana."

Alikuja kwenye mafunzo kwa ajili ya supu, wala hakuficha.
Wiki ya nne aliuliza swali, sauti ikampasukia katikati.
Wiki ya tano hakuonekana.
Ya sita akaja na timu nzima, viatu vikinuka,
wakajifunza kusema jambo gumu kuliko penalti:
"Hataki. Twende zetu."
Kumwambia nani? Rafiki. Usiku. Mbele ya wanaocheka.
Wakalirudia hadi likaacha kuwachekesha.

Kama litatoka siku litakapohitajika, mimi sijui.
Fomu yangu haina safu ya hilo.

Mwisho wa mwaka, upande wa kaskazini wa ramani
haukupata pini hata moja.
Nilikimbia na habari. Saturnina akavua miwani.
"Sifuri ina mama wawili," akasema, "Usalama na Woga,
na watoto wao wanafanana.
Mchukue Eulogia, mkajue ni yupi aliyeizaa hii."

Basi tumevaa makoti.
Tutaanza na chanjo, na bati linalovuja, na bei ya gesi;
lile jingine litakuja likitaka.
Mlango wa kwanza Eulogia amegonga.
Mbwa wamebweka, wamenyamaza.
Nasikia vishindo vya miguu vikija,
halafu, nyuma tu ya ubao,
vikisimama.